MIKONO YAKO NA MASHINI YA KUTOBOA

Mafundisho kwa mafundi, kwa wazee wa kanisa, na kwa jamaa zao

Katika vitabu hivi tumezoea kufundisha juu ya malaria, minyoo, maji safi na chakula cha watoto. Leo tunafundisha juu ya chombo cha kazi. Pengine mutu atauliza: «Hospitali inatafuta nini katika nyumba ya seremala?» Jibu ni hili: mukono unaoumia katika nyumba ya seremala unaletwa hospitali. Munganga anaweza kushona kidonda na kufunga mufupa uliovunjika. Lakini kano iliyokatika, jicho lililotobolewa, kidole kilichong'olewa, vitu hivi havirudi kila mara kama vilivyokuwa. Na fundi hana mushahara wa kungojea nyumbani. Mukono wake ndio shamba lake. Mukono ukilala miezi mitatu, watoto wanafukuzwa masomoni, na mama wa nyumba anaanza kukopa chumvi.

Tena siku hizi mashini za umeme zimekuwa nyingi kwetu. Umeme wa maji ulianza kutolewa pale Mutwanga mwaka 2013, na pale Matebe katika Rutshuru mwaka 2015. Na pahali ambapo waya haujafika, watu wanatumia jenereta. Seremala wa vitanda, fundi wa milango ya chuma, fundi wa mabati, fundi wa mabomba, kila mumoja anataka mashini ya kutoboa. Wengi wanainunua sokoni bila kitabu chake, ao kitabu kimeandikwa kwa luga ya mbali.

Zamani fundi alitoboa mbao kwa chombo cha kuzungusha kwa mukono. Chombo kile kikikwama ndani ya mbao, mukono ulisimama, na kazi ilisimama. Mashini ya umeme haijui kusimama. Ikikwama, inageuka na kumuzungusha mutu anayeishika. Shika neno hili moyoni, kwa maana sehemu kubwa ya mafundisho ya leo inatoka humo.

MASHINI TUNAYOSEMA

Hatusemi juu ya mashini ndogo ya batri inayokaza visi. Tunasema juu ya ile kubwa yenye waya murefu, inayoingizwa katika umeme wa volti 220. Kinywa chake kinaweza kushika meshi (ndicho chuma kinachotoboa) yenye shina la milimeta 13. Nguvu yake ni wati 700, wati 1000, ao zaidi. Ni nzito. Pembeni ina mushikio wa pili, unaofungwa kwa kuuzungusha.

Mwaka 1895, katika muji wa Stuttgart kule Ujerumani, kiwanda cha Fein kilitengeneza mashini ya umeme ya kutoboa ambayo mutu aliweza kuibeba kwa mikono. Mwaka 1917, kule Marekani, Black & Decker walipewa hati ya serikali kwa ajili ya mashini yenye mushikio kama wa bastola na kifyatulio cha kuvuta kwa kidole. Tangu siku zile umbo lake halikubadilika sana. Lakini umbo hili linadanganya macho. Mutu akiona bastola anafikiri kwamba mukono mumoja unatosha. Kwa mashini kubwa, mukono mumoja hautoshi hata siku moja.

NGUVU INAYORUDI KWA MUTU

Sikiliza namna hatari inavyokuja. Meshi inatoboa vizuri, na fundi anasukuma. Kisha meshi inakuta musumari ndani ya mbao, ao fundo la muti, ao inapenya upande wa pili wa chuma. Wakati wa kupenya ndio mubaya kuliko zote, kwa sababu makali ya meshi yananasa katika ukingo wa tundu. Meshi inasimama. Lakini mota haikusimama. Ikiwa meshi haiwezi kuzunguka, mashini yenyewe inazunguka, upande mwingine, pamoja na mukono unaoishika. Jambo hili linatokea upesi kuliko kidole kinavyoweza kuacha kifyatulio.

Tupime nguvu hiyo. Tuseme kwamba kwenye ncha ya mushikio wa pembeni, sentimeta 30 toka katikati ya meshi, mashini inasukuma kama uzito wa kilo 20. Mutu muzima aliyesimama vizuri anaweza kuzuia kilo 20. Lakini akiuacha mushikio ule nyumbani, na kushika mashini karibu na katikati yake, sentimeta 10 tu, nguvu ile ile inakuwa kama kilo 60. Ni kama mulango: ukiusukuma kwenye ukingo wake, unafunguka kwa kidole, ukiusukuma karibu na bawaba, unatoka jasho. Kifundo cha mukono hakiwezi kuzuia kilo 60 zinazokuja kwa gafula.

Kwa hiyo tunaona kifundo kilichopindika, kidole gumba kilichochanika, meno yaliyovunjwa na mwili wa mashini, na fundi aliyetupwa toka juu ya ngazi. Na kama kitu kinachotobolewa ni kidogo, nacho hakikufungwa, mashini haigeuki. Ni kile kitu kinachogeuka. Kipande cha bati kinachozunguka juu ya meshi kinakata kama panga.

KABLA YA KUVUTA KIFYATULIO

1. Funga kitu unachotoboa. Kibane katika jiliwa, kile chuma cha kubana kilichofungwa mezani, ao ukigongomee juu ya mbao nzito. Usikishike kwa mukono, wala kwa muguu, wala usimwite kijana akishike. Mukono wa kijana ni mukono vilevile.

2. Funga mushikio wa pembeni. Kama umepotea, tafuta mwingine kabla ya kuanza kazi kubwa. Mashini kubwa isiyo na mushikio wa pembeni ni gari lisilo na breki.

3. Angalia meshi. Meshi iliyopindika inaruka na kuvunjika. Meshi butu inamulazimisha fundi kusukuma kwa nguvu, na anayesukuma kwa nguvu anaanguka mbele wakati meshi inapopenya. Soma Muhubiri 10:9-10. Mwenye hekima yule aliona zamani kwamba kazi ya mawe na ya kuni ina hatari zake, na kwamba chuma kisichonolewa kinataka nguvu nyingi, lakini hekima inasaidia. Noa meshi, ao nunua nyingine. Bei yake ni ndogo kuliko bei ya kushonwa kidole.

4. Toa fishi katika priza kabla ya kubadilisha meshi. Usitegemee kifyatulio tu. Kaza kinywa cha mashini kwa ufunguo wake katika matundu yake yote matatu, kisha toa ufunguo. Ufunguo uliosahauliwa kinywani unatupwa kama jiwe la kombeo. Wengine wanaufunga kwa kamba karibu na fishi, ili wasiweze kubadilisha meshi bila kutoa fishi kwanza. Ni desturi njema.

5. Angalia nguo zako. Kunja mikono ya shati ao uifunge kwa kifungo. Ondoa tai, kitambaa cha shingoni, munyororo, bangili, saa na pete. Mama ao binti mwenye nywele ndefu azifunge juu ya kichwa, na asiache ncha ya kitenge ikining'inia. Na mufuko wa mukono je? Wengi wanafikiri kwamba mifuko ya mikono inalinda daima. Inafaa kubeba mabati. Lakini karibu na meshi inayozunguka, uzi mumoja wa mufuko ukinaswa, meshi inakunja mufuko wote pamoja na vidole vilivyo ndani. Ivue wakati wa kutoboa.

6. Funika macho. Vaa miwani ya kazi inayofunika hata pembeni. Miwani ya kusomea haitoshi. Unapotoboa juu ya kichwa chako, kila kinachotoka kinaanguka machoni. Na mutu anayesimama karibu kuangalia, naye ana macho. Mwambie arudi nyuma, na watoto watoke kabisa.

7. Vaa viatu vya kufunika vidole, na usimame pahali pasipo na mafuta wala takataka.

8. Kama unatoboa ukuta, uliza kwanza waya na mabomba yanapita wapi. Mara nyingi waya unashuka ao kupanda moja kwa moja toka priza ao toka kifungo cha taa. Usitoboe juu wala chini ya vitu hivyo. Kama haijulikani waya ulipo, zima umeme wa nyumba ile, na ulete umeme wa mashini toka pahali pengine.

UMEME HAUONEKANI

Nyoka unaweza kumwona, na moto unaweza kusikia harufu yake. Umeme unakaa kimya ndani ya waya hata mutu aguse. Tena kiasi kidogo kinatosha kuua. Taa moja ya wati 60 ya namna ya zamani inatumia karibu miliamperi 270. Chombo cha kulinda watu, kinachofungwa pale umeme unapoingia nyumbani, kinapangwa kukata umeme kwa miliamperi 30 tu, kwa maana umeme unaopita kiasi hicho unaweza kuharibu mwendo wa moyo. Hesabu mwenyewe: umeme wa taa ile moja ni mara tisa ya miliamperi 30. Basi, mwenye nyumba ya kazi akipata feza, anunue chombo hiki mbele ya kununua mashini ya pili. Wauza vyombo vya umeme wanakifahamu kwa jina la Kifaransa, disjoncteur différentiel.

Chunguza waya wa mashini kila siku, toka fishi hata mwili wa mashini. Kama ngozi yake imechunika, ao fishi imepasuka, ao unaona moto mudogo ukiruka, usitumie. Kufunga waya kwa plastiki ya sukari si kutengeneza. Usiingize waya mbili tupu katika priza bila fishi. Desturi hii tunaiona kila pahali, nayo inaua. Usibebe mashini kwa kuishika waya wake, wala usivute waya ili kutoa fishi.

Mashini nyingine zina waya wa tatu unaoingia katika udongo. Kazi yake ni kuondoa umeme uliopotea, usipite katika mwili wa mutu. Usiukate. Mashini nyingine zina alama ya miraba miwili, mumoja mudogo ndani ya mukubwa. Alama hii inaonyesha kwamba zimefunikwa mara mbili, wala hazihitaji waya ule. Lakini hata hizi haziwezi kukulinda kama zimelowa maji. Usitoboe wakati wa mvua, wala ukisimama katika matope, wala kwa mikono yenye jasho jingi.

Kama waya ni mufupi, tumia waya wa kuongeza ulio munene. Waya mwembamba wa taa unapata moto kwa sababu ya mashini kubwa, na mashini inakosa nguvu. Unyooshe wote. Waya uliokunjwa kama kamba ya ng'ombe unapata moto hata kuyeyuka. Kama unatumia jenereta, iwake nje, mbali na madirisha. Moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu, nayo imeua watu waliolala.

Tena kuna neno moja linalotupasa sisi tunaokaa katika miji ambamo umeme unakatika mara nyingi. Mashini nyingine zina kifungo kidogo pembeni kinachoshikilia kifyatulio, ili kidole kisichoke. Fundi amekibonyeza, na umeme unakatika. Anaweka mashini mezani, anaenda kunywa maji. Mutoto anakuja kuigusa. Umeme unarudi! Mashini inaamka yenyewe, inaruka mezani na kuzunguka. Kwa hiyo, umeme ukikatika, fanya mambo mawili hapo hapo: acha kifyatulio, kisha toa fishi. Na kifungo kile kidogo usikitumie hata kidogo unaposhika mashini kubwa mikononi. Meshi ikinasa, ni lazima mashini ife mara unapofungua kidole.

WAKATI WA KUTOBOA

Kama ni chuma, piga alama kwanza kwa ncha na nyundo, ili meshi isiteleze. Kwa tundu kubwa anza na meshi ndogo, kisha fuata na kubwa. Meshi ndogo inaweza kuzunguka upesi. Meshi kubwa inataka mwendo wa polepole. Kwenye chuma tia tone la mafuta. Meshi ikigeuka rangi ya bluu, umeiunguza: ulikwenda mbio ao ulikosa mafuta.

Simama na miguu imeachana, mumoja mbele kidogo. Shika mushikio wa nyuma kwa mukono mumoja na wa pembeni kwa mukono wa pili. Usiweke uso wako mbele ya mashini ao juu yake. Jiulize mbele ya kuanza: «Meshi ikinasa sasa, mushikio utakwenda upande gani? Kuna nini pale?» Kama pale kuna ukuta ulio karibu, vidole vyako vitapondwa katikati. Kama pale kuna mbavu zako, geuka. Ulizo hili linachukua nukta chache, nalo limeokoa vidole vingi.

Sukuma kwa nguvu ya kiasi, ukinyoosha meshi sawasawa na tundu. Sikiliza sauti ya mashini, kama mama anavyosikiliza pumzi ya mutoto. Sauti ikianza kuwa nzito, punguza kusukuma. Ukijua kwamba meshi iko karibu kupenya, punguza zaidi, uache meshi imalize yenyewe. Hapo ndipo haraka inaleta machozi.

Meshi ikinasa, fungua kidole. Usijaribu kuifungua kwa kuvuta kifyatulio mara kwa mara. Toa fishi, kisha zungusha kinywa nyuma kwa mukono. Usifagie nyuzi za chuma kwa vidole. Tumia burashi, na mashini iwe imesimama.

Juu ya ngazi, usitoboe kwa mashini kubwa. Tengeneza jukwaa la mbao lenye nguvu. Kwenye ngazi mukono mumoja unataka kushika ngazi, na mashini inataka miwili. Mutu hana mikono mitatu.

MAVUMBI NA KELELE

Mavumbi ya matofali, ya mawe na ya simenti yana chembe ndogo sana zinazokaa ndani ya mapafu. Chembe hizi zikiingia miaka mingi, mapafu yanakuwa magumu, na hakuna dawa ya kuyarudisha. Tena mapafu ya namna hii yanashikwa na kifua kikuu upesi. Nyunyiza maji kidogo juu ya ukuta mbele ya kuwasha mashini, fungua madirisha, na vaa kifuniko cha kuchuja mavumbi puani na kinywani. Kama nyumba ina mabati ya zamani ya simenti yanayoitwa eterniti, usiyatoboe. Mengi ya zamani yalichanganywa na amianti, ambayo mavumbi yake yanaleta kansa ya mapafu.

Kelele nayo inaumiza. Ikiwa unalazimika kupaza sauti ili mutu aliye karibu akusikie, masikio yako yanaharibika. Ziba masikio kwa vizibo vya kazi. Anayepoteza masikio yake hasikii tena wimbo wala wajukuu wake.

KAMA HATARI IMETOKEA

Mutu ameshikwa na umeme. Usimuguse, hata kama ni mutoto wako, kwa maana mutakufa wawili. Toa fishi ao zima umeme. Kama huwezi, simama juu ya kitu kikavu, sukuma waya kwa muti mukavu. Akiisha kuachwa, angalia kama anapumua. Kama hapumui vizuri wala haitiki, ita musaada, umulaze chali, na bonyeza katikati ya kifua kwa mikono miwili, kwa kina cha sentimeta 5, mara 100 hata 120 kwa dakika. Kama umefundishwa, pumua mara mbili kinywani mwake kila baada ya kubonyeza mara 30. Usichoke upesi, badilishaneni. Hata akiinuka na kusema «Mimi muzima», mumulete hospitali, kwa maana moyo unaweza kusumbuka nyuma.

Damu inatoka. Bonyeza juu ya kidonda kwa kitambaa safi, kwa nguvu, bila kufungua kila mara kutazama. Inua mukono juu. Vua pete upesi mbele ya vidole kuvimba. Usitie udongo, wala tumbako, wala mafuta ya mashini, wala majani. Damu ikisimama, na kidonda kikiwa kidogo, osha kwa maji safi mengi na sabuni. Kidonda kikubwa kilete hospitali kikiwa kimefungwa.

Tetanosi. Ugonjwa huu wa kukaza taya unaingia hata kwa kidonda kidogo kama tundu la meshi. Mara nyingi unaonekana baada ya siku 3 hata 21, wakati kidonda kimekwisha kusahauliwa. Sindano za utotoni hazilindi maisha yote. Kila fundi aulize kwa kituo cha afya kuhusu sindano ya tetanosi, naye asingoje aumie.

Kitu kimeingia jichoni. Usisugue. Kama chuma kimechoma jicho, usikitoe. Funika kwa kikombe safi bila kugandamiza, na uje siku ile ile. Usitie maziwa ya mama, wala mukojo, wala dawa ya mizizi. Jicho linaloletwa leo linaweza kupona; likiletwa baada ya juma moja, mara nyingi limekwisha.

Kidole kimekatika. Funga kidonda. Kifunge kidole kile katika kitambaa safi chenye maji kidogo, ukitie katika mufuko wa plastiki, na mufuko uwekwe katika maji baridi. Kisiguse barafu. Si kila hospitali inaweza kukiunganisha, lakini munganga ndiye aamue.

Kifundo kimepindika. Kama kinauma siku ya tatu, hasa chini ya kidole gumba, usikubali kuvutwa na kukandwa kwa nguvu. Kuna mufupa mudogo pale unaovunjika kimya. Uje tuupige picha.

«BWANA ATANILINDA»

Tunasikia watu wakisema: «Nimefanya kazi hii miaka kumi, wala sikuumia. Bwana ananilinda.» Ni vema kumushukuru Bwana kwa miaka kumi. Lakini soma Matayo 4:5-7. Shetani alimupeleka Bwana Yesu juu ya hekalu, akamushawishi ajitupe chini ili malaika wamushike, tena alitumia maneno ya Maandiko. Yesu alikataa. Hakukataa kwa kuwa malaika hawana nguvu. Alijua kwamba kumutegemea Mungu ni neno moja, na kumujaribu Mungu ni neno lingine. Fundi anayeshika chuma kwa muguu wake na kuwasha mashini, kisha anaomba, hafanyi imani. Anasimama juu ya ukingo wa hekalu.

Soma tena Kumbukumbu la Torati 22:8. Nyumba za Waisraeli zilikuwa na paa tambarare, na watu walikaa juu yake. Sheria iliamuru mwenye kujenga nyumba mpya aweke kizuizi kwenye ukingo, mutu asianguke na damu yake kuwa juu ya nyumba ile. Angalia: Mungu hakusema na yule ambaye angeanguka. Alisema na mwenye nyumba. Hivi, mwenye mashini ana ulizo la kujibu mbele ya Mungu kwa ajili ya kijana anayeitumia.

Tunasema jambo hili kwa wazee wa kanisa hasa. Siku ya posho tunaita vijana kujenga kanisa ao kutengeneza viti. Wanakuja kwa moyo wa furaha, wamevaa kandambili, na tunawapa mashini ya kuazima ambayo waya wake umechunika. Hatuwezi kusema kwamba kazi ya Bwana haina ajali. Chuma hakijui kama kinatoboa benchi ya kanisa ao benchi ya duka la pombe. Muzee, kabla ya kuomba na vijana, chunguza mashini. Kisha ombeni, na kazi ianze.

Na wewe kijana unayejifunza, usione haya kusema. Ukiona waya mubovu, sema kwa heshima: «Papa fundi, waya huu umechunika, ninaogopa.» Kuna fundi atakayejibu: «Fanya kazi, wewe ni mutoto?» Lakini fundi mwenye hekima atajibu: «Asante, mwanangu. Toa fishi, tutengeneze kwanza.» Fundi wa namna ya pili atazeeka akiwa na vidole kumi, na wanafunzi wake vilevile.

MAULIZO YA KUJIFUNZA

1. Chombo cha mukono kikinasa kinafanya nini? Na mashini ya umeme ikinasa inafanya nini?

2. Kwa nini mushikio wa pembeni unapunguza nguvu inayokuja juu ya mukono?

3. Kwa nini tunavua mifuko ya mikono wakati wa kutoboa?

4. Umeme ukikatika katikati ya kazi, utafanya mambo gani mawili?

5. Ndugu yako ameshikwa na waya. Utaanza na nini?

6. Kwa Kumbukumbu la Torati 22:8, nani anaulizwa juu ya usalama wa watu walio juu ya nyumba? Katika kazi za kanisa letu, mutu huyo ni nani?

Kazi ya nyumbani: Leo jioni toa mashini yako sandukuni, ao enda kwa jirani aliye nayo. Iwe nje ya priza. Pitisha vidole juu ya waya wote, tazama fishi, tafuta mushikio wa pembeni. Kisha mwambie mutu wa nyumbani mwako sindano yako ya mwisho ya tetanosi ilikuwa mwaka gani. Kama humukumbuki mwaka ule, kesho asubui pita kwenye kituo cha afya.